Kasala ya Asiye na Jina

Kolwezi kuna watu wanaojulikana kwa gari lao, wengine kwa shimo lao la kobalti, na wengine kwa kelele tu. Tata Mukendi alijulikana kwa koo lake. Kwa miaka mingi alikuwa maestro wa kwaya ya parokia yao huko Manika, na nje ya kwaya alikuwa mwimbaji wa kasala: mtu anayeitwa penye arusi, matanga au sherehe ili amwimbe mtu sifa zake, kuanzia jina lake, la baba yake, la nyanya yake, hadi kule Kasai ukoo ulikochipukia. Kwao Waluba kasala si wimbo wa kujiburudisha. Ukiimbwa, hukai. Hata kama mguu umevunjika utashika bega la jirani usimame, kwa sababu wanaotajwa ni wafu wako, na wafu hawapokelewi na mtu aliyeketi.

Binti yake Tshiela alikuwa hajaimbwa hata siku moja.

Si kwamba baba hakumpenda. Alikuwa amemwekea. Tshiela alipokwenda Lubumbashi kusoma informatique, elimu ya kompyuta, Tata Mukendi alianza kumtungia kasala yake polepole, neno leo, neno wiki ijayo, akatangaza kwamba ataitoa siku ya diploma, mbele ya maprofesa na kofia zao za pembe. Mwaka wa tatu mama yake, Mama Angèle, akaanguka kwa kiharusi, na Tshiela akarudi nyumbani kumuuguza. Mama alipona, isipokuwa mkono wa kushoto uliobaki mzito. Chuo hakikumngoja. Kasala ikabaki kifuani mwa baba, na hakuna mtu aliyeitaja tena pale nyumbani. Tshiela sasa alikuwa anakaribia miaka thelathini, anafanya kazi katika duka la kuchapisha karatasi na kutengeneza simu karibu na soko, na bado aliingoja. Lakini angemeza jiwe kabla ya kulisema hilo kwa kinywa chake.

Sasa, kuna jambo ambalo baba hakulijua, mama hakulijua, wala mwenye duka hakulijua.

Kwaya zetu haziandiki muziki kwa vile viluwiluwi vinavyoogelea kwenye mistari mitano. Zinaandika kwa solfa, yaani herufi: d, r, m, f, s, nukta mbili kati ya pigo na pigo, na kistari pale sauti inapovutwa. Kulikuwa na programu moja ya kompyuta ya kuandika muziki, nayo ilikuwa programu huria, zile ambazo yeyote duniani anaruhusiwa kuzipasua tumbo, akaona zilivyoshonwa, akaongeza uzi wake. Programu hiyo ilijua viluwiluwi tu. Ukiipa solfa iliichanganya kama mlevi anayesoma somo kanisani. Tshiela aliingia ndani yake, akaisoma kwa miezi, wateja walipokuwa wachache, umeme ulipokuwepo, kisha akaifundisha solfa.

Mara ya kwanza kabisa alipojaribu kazi za namna hiyo, katika programu nyingine, aliweka jina lake lote na mji wake. Alituma rekebisho dogo la uchapishaji, safi kabisa, la kujivunia. Majibu yakamjia kwa upole wa hospitali. Mmoja alimwandikia kwamba anastahili pongezi, hasa ukizingatia anakotoka. Mwingine alimuuliza kama watoto wa kwao bado wanashuka mashimoni. Kuhusu rekebisho lenyewe hakuna aliyeuliza neno. Tshiela alisoma majibu yale, akahisi uso unamwaka moto. Kolwezi imetoa shaba iliyo ndani ya nyaya za nusu ya dunia, na bado mtu wa huko akitoa kitu kutoka kichwani mwake anapewa pole!

Akaifunga akaunti ile. Aliporudi alikuwa Solsol, bila mji, bila picha, bila kusema kama ni mwanamume au mwanamke. Kazi ya kwanza ya Solsol ilirudishwa siku hiyohiyo na maneno makavu: hii haifai, rudia. Tshiela alicheka peke yake nyuma ya kaunta hadi mteja akamkazia macho. Hakuna aliyemhurumia! Akarudia, ikarudishwa tena. Ya tatu ikapita, na jioni ile alitembea kutoka dukani hadi nyumbani kama mama aliyevaa kitenge kipya siku ya Pasaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, ya zamani zaidi. Mama Angèle alikuwa na msemo wake: "Jina yetu, mutu asiitembeze." Hakuueleza, na hakuhitaji. Kila mtu wa asili ya Kasai mwenye umri wake anaukumbuka mwaka wa treni, watu wa Kasai walipofukuzwa huku Katanga, jina lako peke yake likawa sababu tosha ya kukutoa katika nyumba yako na kukulaza stesheni na watoto, pamoja na masufuria. Tshiela alizaliwa baadaye, wazazi walipokwisha kurudi, lakini msemo aliukuta nyumbani kama alivyokuta meza na viti.

Basi, ndani ya kazi yake nzuri Solsol alikuwa ametia kosa moja. Pale sauti inapovutwa, Tshiela hakuweka kistari. Aliweka ndoano ndogo, kistari kilichokunjwa ncha kwa chini, kama alivyoona kwenye karatasi za baba yake tangu hajaota meno ya mbele. Mmoja wa watunzaji wa programu aliuliza alama hiyo ni ya wapi, maana hajawahi kuiona. Solsol akajibu kwa uhakika wote: ndivyo inavyoandikwa. Nani atabishana na mtu mwenye uhakika namna hiyo? Ndoano ikapita.

Ilipita karibu mwaka ndipo Tshiela alipokutana na picha za vitabu vya zamani vya nyimbo kutoka nchi mbalimbali, na katika vyote, kurasa kwa kurasa, ni kistari. Ndoano haikuwemo popote. Ilikuwa ya kwaya moja tu duniani, kwaya ya Tata Mukendi wa Manika. Aliona aibu hadi masikio yakapiga kelele. Akaandika kuomba radhi, akaleta rekebisho la kuiondoa. Lakini wanakwaya waliokwisha kuizoea wakapiga makelele, wa Zambia, wa Lesotho, na wengine wa visiwa ambavyo Tshiela alivitafuta kwenye ramani: iacheni ndoano, mama zetu wenye macho mabovu wanaiona kuliko kistari. Watunzaji wakaiacha. Tshiela akabaki anaomba jambo moja tu, kwamba baba yake asikutane nayo.

Akakutana nayo, bila shaka.

Aliyeileta ni Ezéchiel, mwimbaji wa tenor katika kwaya, mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi mwenye mabega ya mlango. Alikuwa amekwenda Dilolo kumzika mjomba wake, na Jumamosi ya mazoezi akarudi na karatasi mkononi.

"Maestro, angalia hii! Kwaya ya kule Dilolo banaimba mu karatasi ya mashine. Banaitoa ku Angola, ng'ambo ya mupaka. Hakuna mutu anaandika na mukono tena."

Tata Mukendi akavaa miwani. Tshiela, ambaye naye aliimba katika kwaya, amesimama kati ya maalto wenzake, aliiona ndoano kutoka pale aliposimama, na ya pili, na ya tatu, zimejipanga mstari wa kwanza bila haya. Baba aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza, akatazama nyuma ambako hapakuwa na kitu, akairudisha.

"Iko muzuri," akasema. "Nani alifanya hii mashine?"

"Banasema ni mutu moja, Solsol. Hajulikane. Hakuna hata foto."

"Solsol," Tata Mukendi akarudia, kana kwamba anaonja chumvi ya mchuzi. Kisha akamgeukia binti yake, kama kila mtu alivyomgeukia, maana ndiye mtu wa kompyuta. "Tshiela, we unaweza kutuwekea hii kintu?"

"Naweza, tata. Ni ya bure."

Akaiweka. Nyimbo ambazo Tata Mukendi alikuwa amezinakili kwa mkono, nakala kwa nakala, hadi kidole chake cha kati kikaota sugu, zikatoka kwenye printa ya duka zimenyooka, herufi nono. Mama wazee waliokuwa wakiimba kwa kukariri tu sasa waliinua karatasi, wakasoma. Mmoja alilia. Tshiela alizipanga karatasi, akazibana, akazigawa, akarudi mahali pake, na moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko kifua. Kuhusu ndoano baba hakusema lolote. Labda, Tshiela alijipa moyo, kwa vile ameizoea sana haioni tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Sasa tuje kwenye jubilei. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na siku hiyohiyo Tata Mukendi angemwachia Ezéchiel uongozi, kwa sababu koo lilikuwa linakwisha. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: imba mara moja tena ukitaka, halafu nyamaza. Na desturi ya kwaya yao ilikuwa kwamba maestro anayeondoka humwimba mtu mmoja kasala ya mwisho, mtu aliyeisaidia kwaya. Tata Tshimanga, rais wa kamati, alikuwa na mtu wake tayari: mnunuzi mmoja wa madini ambaye wote walimwita Patron, aliyewapa piano ya umeme na ambaye, Mungu akipenda na akiimbwa vizuri, angeongeza na spika.

"Mi nitamuimba Solsol," Tata Mukendi akasema kwenye kikao.

"Solsol gani, Maestro? Mutu hana jina, hana sura! Kasala bila jina ya tata na ya mama, ni kasala ya nini? We mwenyewe ulitufundisha hivyo."

Hapo Tshimanga alisema kweli. Wakakubaliana hivi: kama Solsol atautoa ukoo wake kabla ya mazoezi ya mwisho, ataimbwa. Asipoutoa, ataimbwa Patron.

Tshiela aliisikia habari hiyo sokoni kabla hajaisikia nyumbani, kama kawaida ya mji huu, akichagua mafungu ya sombe, yaani kisamvu. Kasala ya mwisho ya baba yake ilikuwa inamtafuta yeye, na haikujua anakaa chumba cha pili. Angeweza kusema: tata, ni miye. Maneno matatu. Lakini akisema, Jumatatu Tshimanga atakuwa amemweka kwenye bango, na dunia nzima ya programu ile itajua Solsol anatoka wapi, na zile pole zitarudi kwa mafuriko. Na kulikuwa na kubwa zaidi ya hilo. Baba angemwimba mwanawe hata kwa kusonga bukari, ule ugali wetu, usio na madonge. Sasa hivi, kwa mara ya kwanza, alikuwa anataka kuiimba kazi, bila kujua ni ya nani. Tshiela aliitaka sifa hiyo, ile isiyo na damu ndani yake, kuliko kitu chochote. Akisema, ataiharibu. Asiposema, koo la baba yake litamalizikia kwa Patron na spika zake.

Jumatatu mchana Tata Mukendi akatokea dukani, amevaa koti la kwaya kana kwamba Solsol angemwona.

"Andika," akasema, akikaa kwenye kiti cha wateja. "Ndugu Solsol. Miye Mukendi, maestro wa Kolwezi. Ulitusaidia sana."

Tshiela akaandika.

"Nataka kukuimba kasala. Lakini kasala haiimbake mutu moja, inaimba bote balimuzala. Unitumie jina yako, ya tata yako, ya mama yako na ya bankambo yako, babu na nyanya. Kama bankambo unabasahau, usiogope, mi nitasaidia."

"Tata, bale batu ba ku internet hawapendake kusema jina."

"Juu ya nini? Baliiba?"

"Hapana, tata. Banapenda kazi yenyewe ionekane."

"Kazi haina nkambo," Tata Mukendi akasema. "Tuma."

Tshiela akatuma. Mara simu iliyokuwa mfukoni mwake ikatetemeka, tena kwa kelele, maana ujumbe ulikuwa umefika kwa mwenyewe. Akaibana kwa kiganja.

"Simu yako inalia," baba akasema.

"Ni muteja."

"Umujibu basi. Muteja haachwake," akasema mzee, akainuka, akaenda zake.

Jumatano jioni Tshiela akaleta jibu. Walikuwa uani, Mama Angèle anachambua maharagwe kwa mkono wake mzima. Tshiela akasoma kwenye simu, sauti yake kavu kama ya msomaji wa matangazo: Solsol anashukuru sana, jina hawezi kulitoa, anaomba maestro aiimbe programu yenyewe.

Tata Mukendi alicheka hadi kikohozi kikamkamata. "Kasala ya mashine! Nitaanza namna gani? Mwana wa waya, mujukuu wa courant, umeme yenyewe inakatikaka kila siku!" Akajifuta macho. Kisha sauti yake ikashuka. "Umuandikie tena. Jina ashikilie, ni yake. Nauliza kintu kimoja tu. Hii ndoano. Nani alimufundisha?"

Mkono wa Mama Angèle ukasimama ndani ya maharagwe.

"Nitamuuliza," Tshiela akasema, na akaingia ndani kabla uso haujamsaliti.

Alikaa kitandani na simu mapajani. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema aliiona mahali, kwenye karatasi fulani, hakumbuki. Lakini kuna mambo ambayo hata mtu asiye na jina hawezi kuyasemea uongo, na akajiona anaandika polepole, akifuta, akiandika tena. Asubuhi, baba akinywa chai, akamsomea:

"Nilifundishwa na mtu aliyenipigia mapigo kwenye goti lake kabla sijajua kusoma. Nilidhani dunia nzima inaandika hivyo. Nilipojua kwamba ni yeye peke yake, dunia ilikuwa imeshazoea. Hakuniambia kamwe aliitoa wapi."

Tata Mukendi alivua miwani. Akaifuta kwa upindo wa shati, upande huu, upande ule, muda mrefu kuliko uchafu wake.

"Anaongea muzuri, huyu mutu," akasema mwishowe. "Inatosha."

"Inatosha namna gani, tata? Jina hakusema."

"Mi sikumuuliza jina," akasema, akaivaa miwani, akaomba sukari.

Tshiela alikwenda kazini na maswali yake. Anajua? Hajui? Mtu aliyejua angekaa na chai yake namna ile? Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na yeye alikuwa amevukuta mbele ya mhunzi mwenyewe, halafu akategemea mhunzi asisikie upepo.

Kwenye mazoezi ya mwisho Tata Tshimanga alisimama mlangoni na kalamu. "Maestro, jina ya kuweka mu karatasi ya sherehe?"

"Ukoo wake niliupata. Jina haiombwe."

"Mutu bila jina?"

"We Tshimanga, siku ulizaliwa, ulikuya na jina mu mukono?" Kwaya ikacheka. "Mutu anakuyaka na batu bake. Jina inafuata. Mi nitaimba batu bake."

Tshimanga akanung'unika kwamba Patron ameshaalikwa na ameshashona suti. Lakini alikuwa ametoa neno lake kwenye kikao, na neno lilikuwa ukoo.

Jumapili ya jubilei, baada ya misa, watu waliujaza ua wa parokia hadi ukutani. Patron alikuwa mstari wa mbele, suti ya bluu, amejipaka manukato ya kutosha mistari mitatu. Mama Angèle alikaa nyuma yake na kitenge chake cha ndege wekundu. Kwaya iliimba nyimbo zake, karatasi mkononi, kisha ikashuka kwenye mabenchi yake, maana wakati wa kasala kwaya hukaa kama watu wengine wote.

Tata Mukendi akainua mkono. "Kwaya, musimame."

Wakatazamana. Tshimanga akamnong'oneza: "Maestro, kwa kasala tunakaaka."

"Leo musimame."

Wakasimama wote, besi, tenor, soprano, alto, na Tshiela katikati ya maalto, karatasi kifuani. Wazee wengine kwenye viti walitikisa kichwa kwa mtindo huu mpya.

Sauti ilitoka imekwaruza, kisha ikajikumbuka ilivyokuwa. Aliimba kwa Kiluba cha Kasai. Kwa Kiswahili inapoteza nusu ya chumvi yake, lakini alianza hivi: nakuimba wewe uliyetoa bila kupokea, wewe uliyefanya na hukujitangaza. Patron akafunga kifungo cha koti, akaweka mikono magotini tayari kuinuka.

"Wewe mjukuu wa Mushiya, aliyezaa kumi akalea ishirini. Wewe kitukuu cha Mbelu, aliyevuka mto Lubilanji na chungu cha makaa kichwani, akafika ng'ambo moto haujazimika."

Patron akakaa vizuri. Watu wakatazama kulia na kushoto wakimtafuta mwenye Mbelu huyo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumsikia. Mwimbaji wa kasala hajiimbi mwenyewe. Miaka yote hiyo Tata Mukendi alikuwa ameimba wafu wa watu wote, wa kwake hakuwatoa nje ya mlango hata mara moja. Waliojua majina hayo walikuwa watu wa nyumba moja. Tshiela alihisi magoti yanakumbuka desturi yenyewe, yanataka kumwinua, na hapo ndipo alipotambua kwamba ameshasimama.

Baba hakumtazama. Alikuwa ameelekeza uso juu ya vichwa vya watu, upande wa reli.

"Umeniuliza niliitoa wapi ndoano," akaimba. "Niliitoa stesheni, mwaka wa treni. Tulilala juu ya masufuria yetu tukingoja kuondolewa. Sikuwa na kalamu, nilikuwa na kipande cha makaa. Sikuwa na daftari, nilikuwa na mfuko wa saruji. Nikaandika nyimbo ili watu wasisahau kwamba wana sauti. Lakini mikono ilikuwa na jasho, na kistari kilifutika kwa jasho. Nikakikunja ncha, nikakikoleza, kikashika. Ndoano ni kistari kilichokataa kufutwa. Walitutoa nyumbani kwa ajili ya majina yetu. Wewe umeitoa alama yetu hapa, bila jina lolote, ikapita mpaka wa Angola, ikavuka bahari, na hakuna aliyeiuliza kabila lake. Mtoto, tulilia stesheni ile. Leo nimeiona ndoano yangu imerudi kutoka Dilolo imechapishwa kwa mashine, na nimekuwa mrefu kuliko miti."

Maneno mengine Tshiela aliyatambua bila kuwahi kuyasikia. Yalikuwa na vumbi la miaka: kulikuwa na mstari juu ya msichana anayehesabu kabla ya kusema, na mwingine juu ya aliyeacha vitabu ili ashike mkono wa mama yake, na huo, baba alisema, ndio mtihani ambao maprofesa hawajui kuusahihisha. Ilikuwa ile. Ilikuwa kasala yake yote, iliyotungwa neno leo, neno wiki ijayo, na haikupunguzwa kitu isipokuwa jina. Machozi yalimtiririka, na hakuyafuta, kwa sababu maalto wote kushoto kwake na kulia kwake walikuwa wanalia pia, na waliotoka katika kwaya ile walikuwa mamia, wametawanyika hadi Kinshasa na Ulaya, na Solsol angeweza kuwa yeyote kati yao. Alisimama wima. Hakuwa amewahi kujivuna namna ile maishani mwake, wala hakujaribu kujizuia.

Sauti ya mzee ilikatika kwenye neno la mwisho, ikaisha kabisa, kama daktari alivyosema. Ndipo nyuma ya Patron kikapasuka kigelegele kimoja kirefu. Alikuwa Mama Angèle, yule asiyetaka jina litembezwe, mkono mmoja mdomoni, kichwa nyuma. Ua mzima ukamfuata.

Ngoma zilipoanza, Tata Tshimanga alijipenyeza hadi kwa maestro, aliyekuwa anaivua miwani na kuitafutia mfuko wake.

"Maestro, umemuimba muzuri sana, haki ya Mungu. Lakini huyu Solsol wako, mi niliangalia kila pahali, viti byote. Hakusimama."

Tata Mukendi hakuwa na sauti tena, kwa hiyo ilimbidi Tshimanga ainamishe sikio.

"Alisimama," mzee akasema.